Kwa nini anayeandika sare kila mahali anakushinda

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Sisi ni watu saba tunaocheza sataranji kila jioni barazani, hapa Tanga. Yakija mashindano makubwa tunabandika karatasi ukutani, na kila mtu anatabiri kila mchezo: mweupe, mweusi au sare. Katika mashindano ya Toronto ya mwaka 2024, mimi ambaye ndiye ninayewashinda wote hapa kwenye ubao nilipatia michezo 19 kati ya 56. Mwenzetu mmoja, ambaye hata ufunguzi wa Sisilia haujui vizuri, aliandika sare kwenye michezo yote akapatia 31. Na bingwa nilimchagua Caruana wa Marekani, hakushinda. Nakosea wapi? Mtu anatabiri vipi mashindano ya mabingwa kwa akili, siyo kwa bahati?"

Marahaba, kijana wangu. Barua yako nimeisoma nikiwa na daftari langu la Toronto mkononi, na hesabu yenu iko sawa. Yale yalikuwa mashindano ya wagombea, ya kumtafuta atakayepambana na bingwa wa dunia. Wachezaji wanane, kila mmoja anakutana na kila mwenzake mara mbili, raundi 14, michezo 56. Iliyopata mshindi ilikuwa 25. Sare zilikuwa 31. Mwenzenu hakubahatisha. Ameshika jambo moja la kweli kuhusu mchezo huu katika ngazi ile, akaling'ang'ania mpaka mwisho. Wewe umeshika mengi ya kweli, ila hilo moja umeliacha, na ndilo zito kuliko yote.

Nianze na mpira, maana nadhani tabia yako imetoka huko. Sisi sote tumekulia kwenye kutabiri mpira. Simba na Yanga zikikutana, anayesema "sare" anaonekana mwoga, mtu asiye na timu. Na hesabu ya mpira inaruhusu kuchagua upande, kwa sababu katika ligi kubwa mechi moja hivi kati ya nne ndiyo huisha sare. Ukiingia na tabia hiyo kwenye sataranji ya mabingwa, umeshapoteza kabla hujavuta kiti. Hapa sare ni zaidi ya nusu, na mara nyingine ni nyingi kupita kiasi. Katika mashindano ya wagombea ya Moscow mwaka 2016, Anish Giri wa Uholanzi alicheza michezo 14, akatoka sare yote 14. Mwaka 2018 jijini London, Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walipigania ubingwa wa dunia kwa michezo 12 ya muda mrefu, na yote 12 ikawa sare. Ilibidi waingie kwenye michezo ya muda mfupi ndipo Carlsen akashinda 3 kwa 0.

Watu husema wanaogopana. Mimi sikubali, na nitakuonyesha kwa nini. Ondoa kete zote ubaoni, bakiza tatu. Mfalme mweusi muweke e8 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa kulala). Askari mweupe muweke e7, na mfalme mweupe e6, nyuma ya askari wake. Zamu ya mweusi. Tazama sasa: d8 na f8 zinalindwa na yule askari, d7 na f7 zinalindwa na mfalme mweupe, na askari mwenyewe haliki kwa sababu mfalme wake yuko nyuma yake. Mweusi hana pa kukanyaga, lakini pia hajashambuliwa. Mchezo umekwisha, sare. Mweupe ana askari wa ziada, amebakiza hatua moja tu awe malkia, na bado hakupata kitu.

Hiyo ndiyo asili ya mchezo wetu. Kuwa bora kidogo hakutoshi. Ubao unadai uwe bora sana ndipo ukupe ushindi, na mabingwa wanajua kujilinda mpaka kwenye kingo za aina hii. Ongeza matayarisho: kila mmoja wao ana wasaidizi na kompyuta inayochambua ufunguzi wake wote miezi kadhaa kabla, hivyo hatua 15 au 20 za mwanzo mara nyingi zimeshachezwa nyumbani. Wanapoanza kufikiri wenyewe, nafasi bado imelingana, na wamebakiwa na kete chache za kugombania.

Sasa nije kwako. Wewe unajua kucheza, na hilo ndilo linalokuponza kwenye karatasi. Unatazama majina mawili, unajiuliza nani bora, unapata jibu, tena mara nyingi jibu sahihi, kisha unaliandika jibu hilo kama matokeo. Lakini "nani bora" na "nini kitatokea" ni maswali mawili tofauti. Tuyapime kwa alama za Elo, zinazopima nguvu ya mchezaji, zile zilizobuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungaria akafundisha Marekani, na ambazo FIDE, shirikisho la sataranji duniani, imezitumia tangu 1970. Fomula yake inasema hivi: mchezaji anayemzidi mwenzake kwa alama 50 atarajiwe kuvuna pointi 57 katika kila michezo 100 (ushindi ni pointi moja, sare ni nusu). Hamsini si pengo dogo kwa watu wale. Sasa, kama michezo 55 kati ya hiyo 100 inaisha sare, kama ilivyokuwa Toronto, basi zile sare peke yake zinampa pointi 27 na nusu. Zilizobaki, 29 na nusu, lazima zitoke kwenye ushindi. Kwa hiyo aliye bora anashinda mara 29 au 30, anafungwa mara 15 au 16, na mara 55 wanapeana mikono.

Rudia kuisoma hiyo mistari, maana ndiyo jibu la swali lako la kwanza. Umesema kweli kwamba huyu ni bora. Umepatia kabisa. Na bado tokeo linaloelekea kutokea zaidi ni sare, karibu mara mbili ya ushindi wa huyo uliyemchagua. Kila ulipoandika jina la aliye bora ulikuwa sahihi juu ya mtu na umekosea juu ya mchezo.

Hata mnyonge wa mashindano anakushuhudia. Nijat Abasov wa Azerbaijan aliingia Toronto na Elo 2632, wakati Caruana alikuwa na 2803. Abasov hakushinda mchezo hata mmoja, akamaliza wa mwisho kwa pointi 3 na nusu. Nadhani kwenye karatasi yako ulimwandikia kufungwa karibu kila raundi. Alifungwa 7. Saba nyingine alitoka sare.

Hayo yote yanampa haki mwenzenu. Sasa nimnyang'anye kidogo.

Karatasi yake haina habari yoyote ndani. Ukiisoma hujui nani alikuwa hatarini, raundi ipi ilikuwa ya moto, nani wa kumtazama. Ameshinda kwa sababu ya namna mnavyohesabu, kwamba mtu anapata moja au anapata bure. Hesabu ya aina hiyo inamzawadia anayetaja tokeo la kawaida na kunyamaza. Ibadilisheni. Mwaka 1950 mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Glenn Brier, alipendekeza njia ya kuwapima watabiri wa mvua, na inatufaa sisi moja kwa moja. Mtabiri haandiki "mvua itanyesha", anaandika asilimia. Kisha kwa kila tokeo unachukua tofauti kati ya ulichoandika na kilichotokea, unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha. Aliye na jumla ndogo ndiye bora.

Tuifanye hapa hapa. Wewe unaandika mweupe 25, sare 55, mweusi 20. Ikatokea sare. Kilichotokea kinahesabiwa 1, visivyotokea 0. Kwa mweupe ulikosea kwa 0.25, mara yenyewe ni 0.0625. Kwa sare ulipungukiwa 0.45, mara yenyewe ni 0.2025. Kwa mweusi 0.20, inakuwa 0.04. Jumla 0.305. Mwenzenu aliyeandika sare 100 anapata 0, hana kosa, amekupita. Lakini akishinda mweupe, wewe unapata 0.905, yeye anapata 2 kamili: moja kwa sare aliyoiapia na haikutokea, na moja kwa ushindi ambao alisema hauwezekani. Na akishinda mweusi, wewe 1.005, yeye 2 tena.

Sasa tuipeleke Toronto. Yeye ana michezo 25 iliyopata mshindi, mara 2, anabeba 50. Wewe, hata kama ungeandika asilimia zile zile 25, 55, 20 kwenye michezo yote 56 bila kufikiri, na hata tujalie kwa ubaya kabisa kwamba ushindi wote 25 ulikwenda kwa mweusi, ungebeba 34.58. Haikuwa hivyo, kwa hiyo ungebeba pungufu ya hapo. Umemwacha mbali, na bado hujatumia hata chembe ya ujuzi wako wa sataranji. Ujuzi unaanza kulipa pale unapozisogeza zile namba tatu kutoka mahali pake. Sehemu iliyobaki ya barua hii ni juu ya hilo: lini uzisogeze na kwa kiasi gani.

Rangi kwanza, haraka, maana ni rahisi. Mwenye nyeupe anaanza, na kuanza kunamletea takriban pointi 54 au 55 katika 100. Kwa lugha ya Elo ni kama alama 35 za bure. Kwa hiyo mtu wa 2760 mwenye nyeupe na mtu wa 2795 mwenye nyeusi wako sawa mezani siku hiyo. Watabiri wengi hawaitazami rangi kabisa. Wewe uitazame kabla ya jina.

Pengo la Elo linafuata. Chini ya alama 40 usisumbuke nalo. Likifika 150 na kuendelea, na mkubwa akiwa na nyeupe, ndipo ushindi unaanza kuipita sare. Caruana na nyeupe dhidi ya Abasov: pengo 171, ongeza 35 za rangi, fomula inampa karibu 77 kati ya 100. Ningeandika ushindi 56, sare 40, kufungwa 4. Michezo ya namna hii ni michache sana katika mashindano ya watu wanane, na ndiyo pekee ambapo ningekuruhusu kumbishia mwenzenu kwa sauti kabla hata ya kuangalia msimamo.

Halafu kuna tabia ya mtu. Ian Nepomniachtchi alicheza Toronto bila kufungwa, ushindi 3 na sare 11. Alireza Firouzja alifungwa 6, akashinda 2, sare 6 tu. Ukimwekea Firouzja sare 55 na Nepomniachtchi sare 55 hujawatazama wakicheza. Firouzja anatafuta vurugu hata pale nafasi haimdai, Nepomniachtchi anajua lini afunge mlango. Na kuna jozi ambazo zina mambo yao wenyewe: Hikaru Nakamura alifungwa michezo miwili tu Toronto, na yote miwili alifungwa na Vidit Gujrathi, aliyemaliza wa sita. Hakuna fomula ingekuambia hilo mapema. Lakini baada ya ule wa kwanza, wa raundi ya 2, mtabiri makini angeshapunguza imani yake kidogo kabla hawajakutana tena raundi ya 9.

Ninalotaka tukae nalo zaidi ni haja. Kila mchezaji anaingia na haja yake siku ile, na haja inabadilisha namba kuliko Elo. Katika mashindano ya wagombea anayetakiwa ni mmoja tu, yule atakayekwenda kupambana na bingwa wa dunia. Kwa hiyo raundi tatu za mwisho si mashindano yale yale uliyoyaona wiki ya kwanza. Anayeongoza anaridhika na sare. Anayemfuata kwa nusu pointi hawezi kuridhika, lazima avunje nyumba. Na aliyekwisha kukosa kila kitu yuko huru, hana cha kulinda, na huyo ndiye anayesahaulika kwenye karatasi za watabiri.

London, Aprili 2013. Carlsen na Vladimir Kramnik waliingia raundi ya mwisho wakiwa wamelingana kwa pointi 8 na nusu. Katika daftari langu la siku hiyo niliandika Carlsen ashinde, Kramnik atoke sare, na nilikuwa na sababu nzuri kwa kila moja. Carlsen alifungwa na Peter Svidler akiwa na nyeupe. Kramnik, akijua kwamba wakilingana Carlsen anatangulia kwa idadi ya ushindi, alilazimika kutafuta ushindi na nyeusi, naye akafungwa na Vasyl Ivanchuk. Wote wawili walibaki pale pale kwenye 8 na nusu, na Carlsen akapita kwa kuwa na ushindi mwingi zaidi. Miezi michache baadaye, mjini Chennai, akawa bingwa wa dunia. Mtazame huyo Ivanchuk: mashindano yake yalikuwa yameharibika, alipoteza michezo kwa kuishiwa saa, hakuwa na matumaini ya chochote. Raundi ya 12 alikuwa amemfunga Carlsen, raundi ya 14 akamfunga Kramnik. Mtu asiyegombea chochote ndiye aliyegawa ubingwa. Tangu siku ile, nikifika raundi za mwisho, nikiona mwenye haja ya ushindi anakutana na mtu huru, naishusha sare mpaka 40 na kugawa zilizobaki pande zote mbili. Ndiyo, na upande wa asiyependelewa pia, kwa sababu mwenye haja ndiye anayejiweka wazi.

Madrid 2022 ilinifundisha upande mwingine wa jambo hilo. Nepomniachtchi alishajihakikishia nafasi ya kwanza. Raundi ya mwisho Nakamura alihitaji sare tu dhidi ya Ding Liren ili abaki wa pili. Wengi waliiona hiyo kama sare ya mapema, nafasi ya pili ya nini? Lakini Carlsen alikuwa anasema wazi kwamba huenda asitetee taji lake, na kama asingetetea, wa pili ndiye angecheza fainali. Ding alishinda. Mwezi Julai Carlsen akajitoa, na mwaka uliofuata mjini Astana Ding akawa bingwa wa dunia. Kwa hiyo kabla ya kuandika sare ya mapatano, uliza: nafasi hii inamfungulia mtu mlango gani? Mara nyingine habari iliyo nje ya ubao ndiyo inayomfanya mtu apigane saa sita.

Saa nayo ni kete. Toronto walipewa saa 2 kwa hatua 40 za kwanza, bila sekunde za nyongeza mpaka hatua ya 40 ipite. Hilo ni la kikatili siku hizi, maana vijana wamezoea kuongezewa sekunde 30 kila hatua. Raundi ya 7 Gukesh Dommaraju, mvulana wa miaka 17 kutoka Chennai, alikuwa na nafasi ya kutosha dhidi ya Firouzja, saa ikambana, akafungwa. Kabla hujaandika asilimia, soma masharti ya muda. Yakiwa hayana nyongeza, punguza sare kidogo kwa kila mtu, na zaidi kwa wale unaowajua hutumia dakika 40 kwenye hatua moja.

Na ukiwa unatazama mchezo moja kwa moja, usitabiri kwa kutazama ule mstari wa kompyuta unaopanda na kushuka pembeni ya ubao. Kompyuta inapima nafasi kana kwamba itacheza yenyewe. Raundi ya 14 Toronto, Caruana na Nepomniachtchi wote walihitaji ushindi. Caruana akapata nafasi ya kushinda kabisa, kompyuta ikapiga kelele, na watu waliokuwa wanaangalia nami wakaanza kujadili michezo ya marudio kati yake na Gukesh. Lakini Caruana alikuwa na dakika chache, amechoka, na mwenzake anajilinda kwa roho yake yote. Nafasi ikateleza, ikarudi, ikateleza tena. Hatua ya 109, sare. Nepomniachtchi alimwomba radhi pale pale mezani. Caruana akasema kosa ni lake mwenyewe. Siwezi kuusahau ule uso wake. Watu wawili wameuana bure, na mshindi ni Gukesh, kijana ambaye hayupo mezani hapo, aliyetoka sare na Nakamura akafikisha 9. Caruana, Nakamura na Nepomniachtchi walibaki 8 na nusu, wote watatu.

Hapo ndipo swali lako la bingwa linapoingia, na hapa nataka nikutetee. Kumchagua Caruana hukukosea. Chukua wastani wa Elo za wapinzani wake saba, pitisha kwenye fomula: alitarajiwa kuvuna pointi 8.3 kati ya 14. Alivuna 8 na nusu. Alicheza sawasawa na ulivyomtegemea, na hata zaidi kidogo. Kilichotokea ni kwamba mtu mwingine, aliyetarajiwa kupata kama 7, alipata 9. Katika michezo 14 ya aina hii, kupanda au kushuka kwa pointi moja na robo ni jambo la kawaida kabisa; kupanda kwa mbili si muujiza. Na wakiwa wanane wanaokaribiana, karibu kila mara kutakuwa na mmoja anayepanda hivyo. Shida ni kwamba hujui nani. Carlsen mwenyewe, anayewajua watu wale kuliko sisi, alisema kabla ya mashindano kwamba haoni Gukesh akishinda. Desemba mwaka huo huo Gukesh alimshinda Ding mjini Singapore, 7.5 kwa 6.5, akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18.

Anayependelewa kuliko wote katika kundi kama lile, ukimpa nafasi 25 kati ya 100 umempa nyingi. Maana yake mashindano matatu kati ya manne hatashinda. Usijilaumu kwa moja kati ya hayo matatu.

Utaniuliza kuhusu kubeti, maana najua mkeka hauko mbali na karatasi yoyote ya utabiri. Nitasema moja. Chukua bei za kampuni yoyote kwa mchezo mmoja, zigeuze kuwa asilimia, zijumlishe: zinazidi 100. Hiyo ziada ndiyo chakula chao, na inakukata hata siku ambazo umetabiri vizuri. Kwa karatasi ya ukutani nitakusaidia mwaka mzima; kwa mkeka hapana.

Sasa fanyeni hivi barazani kwenu. Bao bila shaka lipo, na kete zake 64. Ongezeni kunde 36 zifike 100. Pangeni vikombe vinane, kila kimoja na jina la mchezaji, na kila mmoja wenu agawe zile 100 kadiri anavyoamini, kisha idadi iandikwe. Mtakaloona mara moja ni jinsi inavyouma kuweka hata kete tatu kwenye kikombe cha usiyemtaka, na jinsi ambavyo haiwezekani kuacha kikombe kitupu bila kuona aibu. Mgao huo uwe kabla ya raundi ya 1, na mrudie baada ya raundi ya 7, karatasi zote mbili zibaki ukutani.

Na mnaporudia ile ya pili, hesabuni pengo, msihesabu huzuni. Baada ya kufungwa na Firouzja, Gukesh alikuwa na pointi 4 kati ya 7, na aliyeongoza, Nepomniachtchi, alikuwa na 4 na nusu. Nusu pointi, imebaki michezo 7. Wengi niliozungumza nao jioni ile walishamtoa, kwa sababu walimwona ameinamisha kichwa. Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko. Raundi ya 8 akamfunga Vidit, na baadaye mwenyewe alisimulia kwamba ni baada ya kufungwa kule ndipo alipoanza kuhisi mashindano ni yake. Hisia zake hukuweza kuzijua. Pengo la nusu pointi liliandikwa kwenye msimamo, kila mtu aliliona. Kikombe chake kilistahili kubaki na kete zake, pengine 12, pengine 15.

Mwenzenu wa sare mwambieni naye agawe. Nitumie karatasi zote saba baada ya raundi ya kwanza, nami nitazipigia hesabu ya Brier moja moja na kuwarudishia, na ile ya kwako nitakuandikia pembeni ni mchezo gani uliusogeza bila sababu.